Mkono wa Kushoto wa Adolfu

Adolfu alikuwa na magitaa mawili na sababu moja ya kuwa nayo, na sababu yenyewe haikuwa na ladha yoyote. Ndiyo maana nikamtungia nyingine.

Nianze na ile ya kweli, maana baadaye hakuna aliyetaka kuisikia. Gitaa la kwanza, la njano, alirudi nalo kutoka migodi ya shaba ya Kitwe. Nyuzi zake zilikazwa kama za magitaa mengine: ukitaka sauti nzuri, vidole vya mkono wa kushoto sharti vikimbie huku na huku kwenye shingo vikibonyeza. La pili, jeusi, alilinunua Abercorn, ng'ambo ya mpaka, kwa Mkongo mmoja. Hilo alilegeza nyuzi tatu, akazipatanisha hivi kwamba ukizipitia zote sita kwa mkono wa kulia, bila kubonyeza popote, zinatoa sauti moja nene iliyokamilika, kama kwaya iliyovuta pumzi pamoja. Alilitumia kwa wimbo mmoja tu, na ndio uliowaleta watu.

Mtu atauliza, kwa nini asilegeze nyuzi za lile la njano wimbo huo ukifika? Kwa sababu kulegeza na kupatanisha kunakula muda, na baridi ya Ufipa mnaijua. Wachezaji wakisimama kungoja, jasho linawapoa mgongoni, wanakumbuka kwamba ng'ombe hawajanyweshwa, wanakwenda zao. Basi Adolfu aliliegemeza la njano ukutani, akanyakua jeusi, na dansi haikukatika. Ni hayo tu.

Mimi nilikuwa mpiga chupa. Lukmani, mtoto wa Huseni mwenye duka na lori, niliyesoma Tabora hadi darasa la kumi, nikarudi Sumbawanga kupima khanga siku sita na kugonga chupa kwa msumari kila Jumapili alasiri, kwenye uwanja wa kilabu cha pombe ya ulezi pale Izia. Baba alilalamika kwamba hakunisomesha ili nigonge chupa za pombe. Nilimwambia chupa yangu ni tupu, kwa hiyo dini haina neno nayo.

Katikati ya ule wimbo palikuwa na mahali ambapo Adolfu aliuondoa kabisa mkono wa kushoto kwenye shingo ya gitaa, akauinua juu kama anayeagana na watu, na gitaa likaendelea kuimba kwa ukamilifu wake. Jumapili ya kwanza walipoliona jambo hilo, watu waliacha kucheza. Mzee Kornel, mfugaji mmoja mpole, alisogea hadi mbele, akainama, akachungulia nyuma ya gitaa.

"Kijana," akaniuliza mimi niliyekuwa karibu, "huko kwenye shingo nani anashika?"

"Ni mkono wa mtu mwingine, mzee."

"Mtu gani?"

"Yule atakayefuata kuondoka duniani. Ameutanguliza mkono, mwenyewe yuko njiani."

Watu walicheka. Mzee Kornel alicheka kuliko wote. Akauinua mkono wake wa kushoto, akaugeuzageuza mbele ya macho yangu. "Wangu huu hapa."

"Kwa leo," nikamwambia. "Uutunze."

Alhamisi yake radi ilimpiga njiani, akiswaga ndama. Ndama hakuguswa. Waliomwosha mzee walisema alikuwa kama amelala, mwili mzima safi, isipokuwa mkono wa kushoto. Huo, kuanzia kiwiko hadi kwenye kucha, ulikuwa mweusi kama lile gitaa.

Jumapili iliyofuata watu walijaa mara mbili. Lakini Adolfu alipolishika jeusi, walisogea. Hakuna aliyewaambia. Upande wake wa kushoto ukabaki mtupu, ardhi tupu ya kutosha ng'ombe kumi, nao wakabanana kulia kama wanaokwepa mvua ya upande mmoja.

"Lukmani," Adolfu akaniuliza wimbo ulipokwisha, "huku mbona hakuna watu?"

"Wamekimbia kwapa lako."

Hakucheka. "Ulimwambia nini yule mzee?"

Nikamwambia. Alilifuta gitaa kwa shati ambalo nalo lilihitaji kufutwa. Mwishowe akasema, "Mwenzangu, mimi nina harusi."

Na kweli alikuwa nayo. Alikuwa amuoe Cornelia, binti wa Mzee Leonardi wa Mwimbi, msichana aliyecheka utani wangu kabla sijaumaliza, jambo ambalo nililihesabu kuwa ni dalili ya akili. Leonardi alikuwa mkulima wa kuheshimika, mwenye matuta marefu ya mahindi na ulezi, na kiti chake kanisani ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia. Alipenda heshima. Adolfu akimwamkia "Shikamoo, baba," mzee alikuwa akiichelewesha kidogo ile "marahaba," kama anayeilamba kwanza.

Siku chache baadaye akaja dukani kwetu, na Adolfu alikuwepo. Tulimwamkia wote wawili. Safari hii hakuilamba.

"Wale wasafishaji wamefika Mwimbi," alisema.

Tulikwisha kuwasikia. Walikuwa vijana sita waliovuka mpaka kwa njia ya Kasesya, wenye kioo cha kuwatambua wachawi na dawa ya kuwanywesha watu. Kila walipofika, watu walitakiwa kuleta pembe, hirizi na vibuyu vyao kwenye njia panda, vikatupwa lundo moja, vikachomwa. Serikali ilikataza, lakini Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alikuwa safarini bondeni, na hadi habari imfikie, wao wangekuwa kijiji cha tatu mbele.

"Jana kioo kilielekezwa kwangu," Leonardi akaendelea. "Nikaulizwa mbele za watu kama ni kweli namwoza binti yangu kwa mwenye gitaa linaloshikwa na wafu."

"Mzee," nikadakia, "ule ulikuwa utani wangu. Niliutunga palepale. Nyuzi zimelegezwa tu."

"Najua ulikuwa utani, mwanangu. Nami nilikuwa mazishini kwa uliyemtania." Akamgeukia Adolfu. "Lile jeusi liletwe kwenye lundo. Likija, Cornelia ni wako. Lisipokuja, atabaki kwangu."

Adolfu hakubishana. Alilibeba mwenyewe hadi Mwimbi, likiwa limefungwa kwa khanga niliyompa bila baba kujua. Njia panda tulikuta lundo la kufika magotini: pembe zilizozibwa kwa nta, vibuyu, vifurushi vya ngozi, viatu vya mtoto ambavyo hakuna aliyekubali kuvitazama. Adolfu aliliweka gitaa juu kabisa, taratibu, kama anayelaza mtu.

Moto uliwashwa. Kwa kitambo hapakuwa na kitu ila moshi. Halafu gundi ya shingo ikaachia, na gitaa likalia mara moja, nyuzi zote sita, ile sauti nene iliyokamilika, humo ndani ya moto ambamo hapakuwa na mkono wowote. Watu walirudi nyuma hatua moja kwa pamoja. Kisha nyuzi zikakatika, moja moja.

"Limekwisha," alisema yule mwenye kioo. Na Leonardi akamshika Adolfu bega mbele ya kijiji kizima.

Hapo ndipo mwenye busara angenyamaza. Mimi nilikuwa na darasa la kumi.

Ilipita wiki tatu. Wasafishaji walikwisha kwenda zao. Jumamosi moja mchana tulifika kwa Leonardi na ng'ombe watatu wa mwisho wa mahari, ndugu za Adolfu wakiwa wamejazana kwenye lori la baba, na Adolfu mwenyewe na gitaa lake la njano. Tulikula ugali wa ulezi na kuku. Adolfu alipiga nyimbo za kawaida, watu wakacheza mbele yake, kulia na kushoto. Kila kitu kilikuwa kimetulia. Mawingu yalikuwa mbali, upande wa mpaka.

Josefina, shangazi yake Cornelia, alimjia Adolfu na kata ya togwa. "Mwanangu, tunashukuru kwamba ule wimbo umekufa," alisema kwa upole wa kweli. "Ulikuwa umekaa mle ndani ya gitaa, maskini, nawe hujui."

Adolfu alipokea kata kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Mimi ndiye niliyeshindwa kumeza.

"Wanadhani ulikuwa na kitu," nikamnong'oneza. "Wamekusamehe, hawajakuelewa. Waonyeshe."

"Niache, Lukmani."

"Dakika tano. Ulegeze nyuzi za hili mbele yao, wazione. Mimi nitaeleza."

"Hawa si wanafunzi."

"Na watoto wako je? Wataitwa watoto wa mwenye gitaa mpaka wazeeke. Mimi ndiye niliyeufunga huu uongo, niache niufungue."

Akatazama upande wa jikoni. Cornelia alikuwa amesimama mlangoni na sinia, akitutazama, na alipoona anatazamwa akatabasamu, akaficha uso nyuma ya sinia.

"Yeye napenda ajue kweli," Adolfu akasema. Akalipakata gitaa.

Nilisimama nikafanya kazi yangu, na niliifanya vizuri, Mungu anisamehe. Nilionyesha masikio ya gitaa, vile vichuma vya kukazia nyuzi. Nilisema, huu analegeza hivi, sikilizeni, umeshuka. Na huu. Na huu wa tatu. Nyuzi zililalamika kwa ile baridi, Adolfu akazibembeleza, akajaribu, akakaza kidogo, akalegeza tena. Ilichukua muda mrefu, na kwa mara ya kwanza hakuna mchezaji aliyeondoka. Hakuna hata aliyekohoa. Niliidhania kuwa ni hamu ya elimu.

"Sasa," nikasema, "mtasikia kwamba ni nyuzi tu."

Adolfu akaupiga ule wimbo. Alipofika katikati akauondoa mkono wa kushoto, akauinua juu, na gitaa la njano likaimba lenyewe. Ni sauti ileile. Haikupungua hata chembe.

Nikawageukia watu, nikingoja ile "ahaa."

Josefina alikuwa akiuingiza mkono wake wa kushoto ndani ya khanga, polepole. Mzee aliyekaa kando yake akaukalia wake. Mama mmoja alimvuta mwanawe, akakishika kile kimkono kidogo cha kushoto, akakificha kwapani mwake. Nikatazama uwanja mzima. Walikuwa zaidi ya watu sitini, na sikuona mkono wa kushoto hata mmoja, isipokuwa ule wa Adolfu, juu, umesahauliwa hewani.

Ndipo nilipoona nilichokuwa nimefundisha. Walikuwa wamechoma gitaa, na wimbo haukuungua. Basi haukuwa umekaa kwenye gitaa.

Leonardi alisimama. Akavua kofia kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa ndani ya koti. Alitembea hadi mbele ya Adolfu, mzee wa mvi mbele ya kijana wa miaka ishirini na sita, akainama.

"Shikamoo," alisema.

"Baba, hapana," Adolfu alisema. "Usinifanyie hivyo. Kaa, baba."

"Shikamoo, bwana."

Hakuinuka. Tulijua wote kwamba hatainuka hadi aitikiwe, na kila alivyozidi kuinama, watu nyuma yake walizidi kurudi nyuma. Adolfu alinitazama mimi. Nami nikayatazama masikio ya gitaa.

"Marahaba," akasema Adolfu, kwa sauti ya chini kabisa.

Mtu fulani huko nyuma alishusha pumzi. Leonardi akainuka, akarudisha kofia kichwani. "Ng'ombe rudi nao," alisema. "Wote, na wale wa mwanzo nitawaleta. Mimi sidai kitu kwako. Binti mchukue leo."

"Na misa ya ndoa? Siku tulikwisha kuipanga."

"Padre mtamwona huko mjini. Mchukue leo, bwana, kabla mvua haijafika."

Walimtoa Cornelia na kifurushi cha nguo, mbiombio, kama wanaolipa kitu kabla ya kubadilishiwa bei. Hapakuwa na kigelegele hata kimoja. Mama yake alimkumbatia kwa mkono mmoja.

Nyuma ya lori, wale ndugu wa Adolfu walijikunyata upande mmoja. Adolfu alikaa peke yake upande wa pili, gitaa kati ya magoti, mkono wa kushoto ameuingiza ndani ya koti kama wenzake. Cornelia hakwenda kwake. Alikaa karibu nami, kwa kuwa mimi nilikuwa mlangoni, akawa anaitazama Mwimbi inavyozama nyuma ya nyasi. Mawingu yalikwisha kufika juu yake.

Nilitafuta neno la kumchekesha. Nilianza moja, juu ya kuku wa shangazi yake. Aliningoja nilimalize lote, kitu ambacho hakuwahi kunifanyia.

"Shemeji Lukmani," akasema, "wewe unaijua ile mikono."

"Hakuna mkono, Cornelia. Ni nyuzi. Nilieleza yote, uliona."

"Niliona." Radi ilimulika nyuma yetu, bila sauti bado, na kwa mwanga wake nikaona jinsi alivyokuwa akinitazama, kama anayeomba. "Sikuulizi mengi. Niambie tu kama mkono wa leo ni wa baba."