Tone Nene

Vioo vya slaidi viligongana, ti, ti, ti, taratibu, na Heritier, akiwa bado barazani, alijua kwamba mkono ule si wa Leodgar, mwenzake wa kazi. Leodgar alipanga slaidi kama mtu anayemwaga dagaa. Huyu wa ndani alikuwa akizilaza.

Akasukuma mlango wa maabara. Mezani alisimama Mama Asnath, mtahini wa chama cha wataalamu wa maabara, aliyeshuka na treni ya jana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Mkongo?"

"Mimi ndiye Heritier."

Leodgar akacheka puani. "Mama, ukimwacha huyu aongee, mtihani tutafanya kesho."

Mwaka huo wa 1998 chama kilikuwa kimekubali kwamba wakimbizi waliosomea maabara kwao wapimwe kwa vitendo, na atakayefaulu asajiliwe. Cheti cha Heritier kiliungua na nyumba yao Uvira. Tangu avuke ziwa, hapa kwenye zahanati ya Kasingirima yeye ndiye aliyepima, na Leodgar, aliyesajiliwa, ndiye aliyetia saini. Leodgar hakuwa mtu mbaya. Lakini Heritier alichoka kuona kazi ya macho yake ikitoka nje kwa jina la mwenzake.

"Slaidi moja, jibu moja," alisema Mama Asnath. "Ukiharibu, tutaonana baada ya masika."

"Sitaharibu."

Mgonjwa alikuwa Mama Elida, muuza samaki aina ya migebuka wa Katonga, amejifunika vitenge viwili na bado anatetemeka. Akatoa kidole, Heritier akakichoma.

"Sindano yako haiumi, mwanangu. Ya yule inachoma kama nyigu."

"Nimekusikia," alisema Leodgar.

Heritier akapaka matone mawili juu ya kioo kimoja: tone nene la kutafutia vimelea vya malaria, na tone jembamba la kutambulia aina yao. Yalipokauka, akachukua kioo na kukizamisha chote katika spiriti, kwa mkono mwepesi, wa kujionyesha.

Ulikuwa mkono wa Uvira. Kule kila tone lilikuwa na kioo chake, na kile cha tone jembamba kilizamishwa hadi mwisho. Hapa matone yalikaa kioo kimoja, na spiriti ilipaswa kuishia kwenye jembamba tu. Ikigusa lile nene, damu inagandamana, na vimelea vinajificha humo humo.

Aliligundua hilo jicho lilipofika kwenye hadubini. Tone nene lilikuwa ukuta. Akahamia jembamba, akalipitia lote. Halikuwa na kitu, ingawa jembamba huweza kuvikosa vimelea vikiwa vichache.

Leodgar akainama karibu. "Jembamba ni safi. Andika hana malaria, ndugu yangu, ufaulu uwe mtu."

Heritier akamtazama Mama Elida. Meno yake yaligongana. Akiandika hana, atarudi sokoni na homa yake.

"Mama Asnath," alisema, "tone nene nimeliua mwenyewe kwa spiriti. Siwezi kusema hana. Naomba kidole kingine."

"Unajua maana yake?"

"Najua. Mtihani umekwisha. Mgonjwa bado."

Akachoma tena, akapaka, akasubiri tone likauke bila kuliharakisha. Safari hii vimelea vilionekana, vichache, mfano wa pete nyembamba. Mama Asnath akachungulia, akakubali kwa kichwa.

"Jibu ni sahihi. Lakini kanuni ni ile ile, slaidi moja. Baada ya masika, Heritier."

"Nitakuwepo, mama," alisema, bila kuinamisha uso.

Leodgar akatia saini bila mzaha, akampa Mama Elida karatasi ya kuchukulia dawa. Mama yule akaigeuza huku na huku.

"Hapa wameandika jina la nani?"

"Leodgar," alijibu Heritier.

"Leodgar? Amenichoma saa ngapi?"

Heritier akamshika mkono, akamsindikiza mpaka barazani, na akasema kwa sauti iliyowafikia wote wawili waliobaki ndani:

"Mama Elida, masika yakiisha, njoo hata kama huumwi. Karatasi yako nitaiandika mimi, na chini yake litakuwa jina langu."