Daftari la Nyumba

Siku ya kuchagua jumbe wa Mlali, Akida Yunusi, mkuu wa majumbe wa eneo hilo, aliketi barazani pamoja na bwana mkubwa wa Kijerumani. Watu wa milimani walimtaka Mikidadi, mkulima mwenzao. Akida alimtaka shemeji yake, ambaye siku nyingi alikuwa anayamezea mate mashamba yao ya bondeni.

"Nyie wa milimani hamkuja kujiandikisha," alisema akida. "Rudini kwenu."

Mwaisha alilima maharage katika bonde hilo. Hakuwahi kusema mbele za watu, lakini alipiga goti.

"Shikamoo, Akida. Ulipotaka kodi ya nyumba hatukuja kujiandikisha. Ulipanda mlimani mwenyewe, ukatuandika mlango kwa mlango. Tusomee daftari lile."

Mjerumani alipotafsiriwa maneno hayo alicheka. "Kweli. Waliomo humo ndio wachague."

Akida alilifungua, uso ukamshuka. Mwaka ule kila mwanamume aliyeulizwa nyumba ni ya nani alijibu, "Ya mke wangu," maana kwa Waluguru mume huhamia kwa mkewe. Naye akaandika hivyo hivyo.

"Mwajuma," alisoma kwa shida. "Cecilia. Mwaisha..."

"Wanawake watupu!" alifoka shemeji.

"Mbona kodi yetu hamkuikataa, baba?" aliuliza Mwaisha, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Kila aliyeitwa alikwenda kusimama nyuma ya Mikidadi. Mwaisha alipogeuka, mstari ulikuwa umeshavuka uwanja na kuanza kupanda njia ya mlimani, na vigelegele vilikuwa vinashuka kumpokea.