Mwenye Kulalisha Nguruwe

Nyama ya nguruwe mi sili tena. Majirani ba hapa Kapata banazani niliingia dini mupya. Baache bazani. Mi, Kalumba, nilichunga nguruwe nyuma ya hospitali miaka tisa, na sababu yangu naijua.

Hazikuwa za kula. Dokta alikuwa anatafuta namna mupya ya kushona matumbo, juu bachimbaji balikuwa banatufikia matumbo yamepasuka, na bengi balikufa hata nyuma ya kushonwa. Basi alijaribu kwanza kwa nguruwe. Mi niliziosha, na siku moja mbele ya kupasuliwa nilizinyima chakula, zisitapike na kukabwa. Kuzilalisha na dawa ilikuwa kazi ya tata Ngeleka, muntu wa Kasai, mwenye kuzaliwa hapa hapa Kolwezi kama mi.

Tata hakukubali nguruwe ikamatwe kwa nguvu. Aliikuna nyuma ya sikio, akaisemesha luga ya kwabo mpaka dawa ikaingia. Kisha alibana katikati ya kwato, ajue kama imelala kabisa. Muguu ukitikisika, dokta anangoja. Wakati wa kupasua alihesabu pumzi, macho yake kwa rangi ya ulimi. Sheria yake: mwenye kulalisha njo mwenye kuamsha, na wakati anahesabu, muntu asimusemeshe. Siku moja nilikohoa tu, akanitoa inje kama mutoto wa masomo. Nilikasirika sana, lakini nguruwe zetu zilikuwa zinaamka.

Mwaka wa 1993 benyeji bakaanza kufukuza bantu ba Kasai. Ni haya, bantu tuliozaliwa pamoja! Bibi ya tata, mama Mushiya, akakimbilia kwa gare ya treni na batoto, bakalala chini wiki mbili, bakingoja treni ya Kasai. Tata aliendelea kuja kazini. Alisema kumebakia nguruwe moja ya dokta, akiisha kuiamsha atakwenda na bantu bake.

Siku ile, saa tano ya asubuhi, tumbo ikiwa wazi, mama Mushiya alifika mulangoni na mutoto mugongoni. Alinong'ona kama treni imefika, bantu banapanda, tata aje. Mi nikaweka kidole kwa midomo. Nikamuambia angoje, tata anahesabu.

Hatua tatu tu, na sikwenda kumuambia. Mama alisimama pale nusu saa, kisha akarudi mbio, juu batoto bengine balibakia peke yabo. Niliogopa sheria ya tata kuliko treni. Mujinga mi.

Nguruwe iliamka saa saba. Tata alicheka, akaipigapiga shavu. Njo pale nilimuambia.

Alikimbia na nguo ya damu, akakuta reli tupu. Treni ingine ilikuja nyuma ya siku tisa. Miezi tatu ikapita mbele ya sisi kusikia kama Tshibola, ule mutoto wa mugongoni, alifia njiani kwa homa, na mama alimuzika pembeni ya reli, baba hayuko.

Lakini siku ile hatukujua bado. Jua likiwa linashuka, tata alirudi kuchukua koti yake. Ningefurahi kama angenipiga. Alichuchumaa tu, akakuna nguruwe nyuma ya sikio.

"Mushiya alilia?"

"Hapana, tata. Alingoja kimya, bile nilimuambia."

Akasimama.

"Ulifanya bile nilikufundisha," alisema. Kisha akatoka, akafunga mulango polepole, juu nguruwe ilikuwa inasinzia.