Kebo ya Januari

Kazi yangu ni kutoamini watu, na nalipwa kwa hilo. Fundi akisema kebo imelazwa vizuri, mimi nainama, namulika, napima kona yake, nasoma namba iliyochapwa kwenye ganda, halafu ndipo natia sahihi. Watu wa mjini wanadhani mtambo wa nyuklia unaojengwa ni saruji na kreni tu. Hawajui kwamba chini ya saruji hiyo kuna korido ndefu zilizojaa kebo zilizolazwa kwenye ngazi juu ya ngazi za chuma, na kila kebo ina kwake. Kuna kebo za taa na soketi, hizo zikifa utatafuta tochi. Na kuna kebo za pampu za dharura. Hizo zikifa siku mbaya, tochi haitakusaidia kitu.

Mladen, mume wa dada yangu Tinka, alikuwa msimamizi wa kikosi cha wavuta kebo. Tunaishi nyumba moja, wao chini na mtoto wao Vyara, mimi juu, na mama yetu chumba cha kati ambako anasikia kila kitu. Mtu wa mbali atauliza inakuwaje nimkague shemeji yangu. Katika mji wetu kila mtu ni shemeji wa mtu. Ukikataza ndugu kumkagua ndugu, mtambo hautakaguliwa mpaka mto Danubi ukauke.

Tena hatukuwahi kuoneana haya. Nikiingia tu kwenye korido, Sabri, fundi wake wa zamani, anapiga kelele: "Ficheni hata pumzi, kaja!" Na Mladen anadakia kutoka juu ya jukwaa: "Shemeji, sasa nimejua kwa nini hukuolewa. Ulitaka kumpima bwana harusi kwa rula."

"Dada yangu angenikopa hiyo rula," namjibu, "leo usingekuwa ndani ya ukoo."

Wanacheka, nami nachekea puani, kisha nawarudishia kebo mbili walizozikunja kupita kiasi. Ananuna mpaka saa ya chakula, na jioni anapanda ngazi kuniletea supu ya maharage aliyoipika mwenyewe. Nampenda shemeji yangu. Niseme hapa mapema, maana mbele inaweza isionekane.

Ilikuwa mwisho wa Machi. Kwetu tarehe mosi Machi watu hufungana mkononi martenitsa, uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja, na unautembeza hivyo mpaka umwone korongo wa kwanza wa mwaka. Hapo unauvua na kuufunga kwenye mti unaochanua. Pale kazini miti yote ilikatwa kupisha kreni, kwa hiyo watu walikuwa wanafunga kwenye uzio, na uzio wote ulikuwa mwekundu na mweupe. Wangu ulikuwa bado mkononi. Nashinda chini ya ardhi, korongo nitamwona wapi? Vyara ndiye aliyetusokotea watu wa nyumbani mwaka ule, na uzi wa kila mmoja aliutungia ushanga mdogo wa buluu kutoka kwenye mkufu wake uliokatika.

Siku hiyo nilishuka kukagua kebo mpya za taa kwenye korido ya chini. Nilikuwa nimelala chali kwenye jukwaa, namulika ngazi ya juu, ndipo nikaona kitu chekundu. Nilidhani ni mkanda wa fundi fulani. Nikavuta kwa kibano. Haukutoka. Ulikuwa umebanwa chini ya kebo ya pampu ya dharura, na kebo yenyewe imefungwa barabara juu yake. Nikasogeza kioo. Uzi mwekundu na mweupe, umekatika, na ushanga wa buluu.

Kebo hiyo niliikagua mwenyewe mwezi Januari. Nakumbuka baridi ya siku ile, nakumbuka hata Sabri akilalamika vidole vimekufa ganzi. Niliiona ikilazwa, nikatia sahihi. Sasa uzi uliofungwa mkononi mwezi Machi umefikaje chini ya kebo iliyolazwa Januari?

Nilijua jibu. Nilikuwa natafuta jibu jingine, na sikulipata. Nikakata kifungo cha plastiki kilichoshika kebo, nikautoa ule uzi, nikapanda juu.

Mladen alikuwa nyuma ya kontena la vifaa, anakula banitsa, andazi la jibini, iliyofungwa kwenye karatasi. Akanisogezea kipande. Sikukichukua.

"Uzi wako uko wapi?" nikamuuliza.

"Ulikatika. Vyara amenuna, anasema nitapata mkosi." Akacheka. "Mkosi gani zaidi ya kuwa na wewe ghorofani?"

Nikafungua kiganja.

Alitafuna taratibu mpaka akamaliza, akajifuta mikono kwenye suruali. Hakubisha. Angebisha ingekuwa rahisi kwangu.

"Winchi," alisema. "Tulikuwa tunavuta zile za taa. Kamba ikapanda juu ya kebo ya pampu, ikalichana ganda mpaka shaba ikaonekana. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye winchi, usimtafute mwingine."

"Ukafanya nini?"

"Jumamosi nikaja na Sabri na vijana wawili, tukaitoa, tukaweka nyingine. Aina ileile, kutoka gurudumu lilelile la kebo, masalio yake. Vibandiko vya namba nikahamisha. Shemeji, kapime. Imelala vizuri kuliko ile ya kwanza."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa nini!" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Mwezi wa kumi nilipewa onyo, unalijua. La pili nimemwaga unga. Bwana Kalchev alishaniahidi kikosi cha jengo la pili. Ningekwenda kumwambia nini, kwamba nimechana kebo ya dharura kwa uzembe wa kamba?"

Nilikwenda kupima. Ganda lilikuwa zima, kona zote zilikuwa na nafasi inayotakiwa, mashine ya kupimia ikatoa namba safi kabisa. Alikuwa amesema kweli, ilikuwa kebo nzuri. Nilishusha pumzi. Nikaanza hata kutunga moyoni maneno ya kumtetea kwa Bwana Kalchev, ambaye ndiye mkuu wa ubora na ndiye anayesoma ripoti zangu.

Lakini kebo hairuki ukuta. Mwisho wa korido ile kuna ukuta mnene, na kebo zote zinapita kwenye tundu lililozibwa kwa mchanganyiko maalumu usioshika moto. Kazi ya ukuta ule ni moja tu: moto ukizuka upande huu, usifike upande wa pili, ambako kuna kebo za pampu nyingine inayofanya kazi hiyohiyo. Pampu moja ikiungua, iwepo ya pili. Tundu lilizibwa Februari. Ukitoa kebo na kupitisha nyingine, lazima ulitoboe.

Nikaenda ukutani. Juu palipakwa rangi ya kijivu, pamelainishwa vizuri, mkono wa mtu anayejua kazi. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Kikazama.

Nilikata kipande kwa kisu, nikakitia mfukoni, nikampata Mladen palepale nyuma ya kontena. Sasa alikuwa anavuta sigara.

"Tundu umeziba na nini?"

"Na povu."

"Povu gani?"

"Ghala lilikuwa limefungwa, ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa na kopo garini, lilelile nililozibia dirisha lako. Lilibaki nusu."

"Nipe kiberiti chako."

Nikakiweka kile kipande juu ya tofali, nikakiwasha. Kilishika moto papo hapo, kikatoa moshi mweusi, kikaanza kudondosha matone yanayowaka, na hayo matone yakaendelea kuwaka chini. Tulisimama tukikiangalia mpaka kikaisha. Tofali likabaki na doa jeusi.

"Mungu wangu," alisema Mladen. Uso wake ulikuwa umepauka, na si kwa kunionyesha mimi. "Niliona ni tundu tu. Nilifikiria kebo, shemeji. Akili yote ilikuwa kwenye kebo."

"Najua."

"Niachie Jumamosi hii. Nitalitoa lote, nitaweka ile dawa halali, utasimama pembeni uangalie kila kijiko. Kebo umeipima, ni nzima. Tundu litakuwa zima. Nani atakuwa ameumia?"

Msinione shujaa. Nililifikiria. Nilimfikiria Tinka, ambaye alikuwa ameshaanza kuzungumzia kikosi cha jengo la pili kama mtu anayezungumzia nyumba mpya. Nilifikiria ngazi zetu, mama akisikiliza. Alichosema kilikuwa na akili, na ndicho kilichonitisha: baada ya Jumamosi kila kitu kingekuwa sawa kweli, isipokuwa kwamba mimi na yeye tungejua mambo huenda vipi ghala likifungwa.

"Ni hili tu?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Matundu. Kikosi chako kimepitisha kebo jengo zima. Ni hili tu, au yapo mengine?"

"Ni hili tu."

"Mladen."

"Ni hili tu! Nakuapia kwa kichwa cha Vyara."

Nilimtazama. Miaka yote niliyomjua hajawahi kuniongopea jambo kubwa. Lakini asubuhi ile nisingejua hata kuhusu hili, kama si uzi wa mtoto kukatika mahali pabaya. Nikapanda ofisini, nikaandika. Niliandika kebo, niliandika tundu. Halafu nikaongeza kwamba matundu yote ambayo kikosi chake kilipitisha kebo yafunguliwe na kuangaliwa upya.

Bwana Kalchev alisoma, akavua miwani. "Yote? Snezha, unajua hiyo ni kazi ya kiasi gani?"

"Najua."

"Huyu si mume wa dada yako?"

"Ndiye."

Akatia sahihi.

Mladen alinyang'anywa kikosi siku hiyohiyo. Hawakumfukuza, na sijui kama hiyo ilikuwa huruma. Walimpeleka nje kuvuta nyaya za taa za maegesho ya magari, yeye na koleo na mzee mmoja kiziwi. Tinka alipanda ngazi jioni, akasimama mlangoni kwangu, akasema, "Kumbe ulikuwa unakula supu yake huku unamhesabia," akashuka. Toka hapo akawa anafua siku zake, mimi siku zangu, na mama akawa anapeleka salamu ambazo hakuna aliyezituma.

Sisi tukaanza kufungua matundu. Ni kazi ya vumbi na magoti. Unachimba kwa patasi taratibu usiguse kebo, unamulika ndani, unachukua kipande, unakijaribu kwa moto. La kwanza lilikuwa safi. La pili safi. Korido ya chini yote safi. Tukapanda ya juu. Mafundi waliokuwa wakinifungulia ni walewale waliokuwa vijana wake, na Sabri alikuwa akininyooshea kipande, nakichoma, hakishiki, anakitupa kwenye ndoo. Hakuna aliyesema tufiche pumzi.

Siku zilivyokwenda, kitu kibaya kikaniingia, na nitakisema kilivyokuwa: nilianza kutamani tundu moja liwe bovu. Moja tu, hata dogo, huko mwisho. Mkaguzi mzima wa mtambo wa nyuklia, nimepiga magoti, nakiombea kipande kishike moto. Hakikushika. Tulimaliza jengo zima wiki ya kuelekea Pasaka. Lilikuwa ni lile tu.

Niliandika ripoti, mstari mmoja. Bwana Kalchev alinipongeza, akasema sasa tunaweza kulala usingizi. Ni kweli, na nililala.

Siku ya Pasaka mama alitangaza kwamba asiyekuja mezani kwake asije kwenye mazishi yake, basi tukaenda wote. Mwanakondoo, mayai mekundu, mkate mtamu. Vyara alituzungukia na yai lake, akiligonga na kuvunja ya kila mtu, kama ilivyo desturi. Tinka alinisogezea chumvi kabla sijaomba, nikaona hiyo ni mvua ya kwanza. Walipokwenda jikoni na mama, tukabaki mimi na Mladen. Alikuwa ameungua jua la maegesho, shingo yote nyekundu.

"Nimesikia mmemaliza," alisema.

"Tumemaliza. Yote safi."

"Najua kwamba yote safi."

Nikayakusanya maganda ya mayai.

"Kuniandika sikulaumu," alisema. "Povu niliweka mimi. Ungeniachia ile Jumamosi, ningefurahi mwezi mzima, halafu ningekudharau. Hilo nimelimaliza."

"Basi ni nini?"

"Uliniuliza. Nikakujibu. Nikaapa kwa mtoto."

"Mladen, ndiyo kazi yangu. Nisingeweza kuandika kwamba shemeji yangu ameapa."

"Usingeweza. Hilo nalo naliona." Akaumega mkate, akanipa kipande kikubwa, kile chenye zabibu nyingi. "Karibu, Bi Mkaguzi."

Hakusema kwa kejeli. Alisema kwa adabu, kama unavyomkaribisha mgeni aliyetumwa na ofisi. Ningeyafungua tena matundu yale, yote, hata kesho asubuhi, na nilitaka kumwambia hivyo, lakini alikuwa ameshageuka kumsikiliza mtoto. Nikala mkate wake. Mpaka leo akinipita kwenye ngazi ananipisha, ananisalimia vizuri, anauliza kama dirisha langu halipitishi upepo. Kunitania hajanitania tena.