Teke la Mwaka Sabini na Moja

Barua ilifika Jumanne. Baba aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni, kisha akarudi kwenye randa yake. Nilisubiri mpaka tulipokaa kunywa chai ndipo nikamuuliza.

"Klabu wananialika," akasema. "Jumamosi. Sherehe ya timu ya mwaka sabini na moja."

"Wanakualika wewe?"

"Imeandikwa Mervyn Tranter. Unamjua mwingine?"

Kwa miaka arobaini na mitatu hakuna mtu wa mji wetu wa Kurrabee aliyemwalika baba yangu popote, hata harusini, na uwanja wa mpira ndio kabisa hakuwa ameukanyaga.

Chanzo kilikuwa teke moja. Fainali ya mwaka ule, ya mpira wetu wa umbo la yai unaodakwa kwa mikono, tulicheza na mji jirani wa Yarrool, na king'ora cha mwisho kililia tukiwa nyuma kwa pointi nne. Lakini Darcy Quilliam alikuwa ameshaudaka mpira, na sheria ilimruhusu apige. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Watu waliendesha gari saa tatu nzima kuja kuutazama mguu wake tu. Alisimama mita sitini kutoka golini, upepo unamjia usoni, akapiga teke la msokoto, lile la zamani ambalo mpira hulazwa mshazari juu ya mguu na kuruka ukizunguka kama keekee ya seremala. Ukapaa juu ya mikono yote, ukapita kati ya nguzo mbili ndefu za goli. Pointi sita, kikombe chetu. Hivyo ndivyo mji mzima ulivyoona.

Ila siku hizo kila timu ilikuja na mwamuzi wake wa goli, na wa kwetu alikuwa baba. Akiwa amesimama chini ya nguzo na koti lake jeupe, aliinua kidole kimoja. Mpira umegusa nguzo. Pointi moja tu.

Angekuwa mtu wa Yarrool, wangemtukana wiki moja wakasahau. Lakini alikuwa wetu. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na shuleni walininyooshea kidole kimoja kila nilipopita. Wenye milango ya kutengenezwa wakaipeleka kwa seremala wa Yarrool, wale wale waliotufunga. Mama akawa ananunua mkate mji wa pili ili asisikie minong'ono dukani. Alipofariki, tulikuwa watu kumi na mmoja kaburini, pamoja na mchungaji.

Teke lenyewe liliendelea kukua. Katika baa mita sitini zikawa sabini, kisha themanini. Ukipita mlangoni utawasikia wazee: "Vijana wa leo wanapiga vimpira vya kupindukapinduka, salama salama, utadhani wanamwagilia mchicha. Darcy je! Darcy alikuwa anapiga mpira unarudi na umande!" Wanacheka, wanaagiza bia nyingine, halafu mmoja wao lazima amalizie na kipofu aliyetunyang'anya kikombe.

Nikampigia simu mwenyekiti wa klabu, Kerrin Voss.

"Si mimi, Glenys," akasema. "Ni Darcy. Amesema kama Merv hayupo, na yeye haji. Kwa nini, hataki kusema."

"Na watu wanasemaje?"

"Dada, mimi nilikuwa sijazaliwa. Lakini wapo wanaofurahi, na furaha yao siipendi."

Nikamsihi baba asiende. Akapiga viatu rangi.

Jumamosi kulikuwa na baridi kavu. Magari yalikuwa yameshauzunguka uwanja, pua zimeelekea ndani, tayari kupiga honi kila goli litakapoingia. Langoni alikaa Spud Maddern, beki wa timu ile ya zamani, na kisanduku cha tiketi mapajani.

"Lo! Tazameni nani kaja!" akapaza sauti. "Mzee Merv, miwani hukuisahau?"

"Tiketi mbili, Spud."

"Vipofu wanaingia bure. Binti yako atalipa."

Waliokuwa nyuma yetu wakaangua kicheko. Nililipa. Baba alitangulia kama mtu anayekwenda posta.

Tulitazama nusu ya kwanza tukiwa tumeegemea uzio, na pande zote mbili zetu watu waliacha nafasi ya kutosha magari mawili. Nilimnunulia pai ya nyama, akaishika mpaka ikapoa. Macho yake yalikuwa kwenye miguu ya wachezaji tu. Mara moja alinong'ona, "Yule namba saba anauachia mpira mapema." Ndipo nikatambua kwamba maisha yangu yote sikuwahi kumsikia baba akizungumzia mpira.

Mapumziko yalipofika, timu ya zamani ikatembezwa uwanjani, wazee kumi na wanne waliobaki. Darcy alikuwa wa mwisho. Nywele zake zilikuwa nyeupe, na goti la kushoto halikunjiki vizuri. Kerrin akamkabidhi mpira na kipaza sauti, na hapo kelele zikaanza, honi na midomo pamoja.

"Piga! Piga! Msokoto!"

Darcy akatembea mpaka pale pale alipopigia mwaka ule. Hakuna aliyehitaji kumwonyesha, kila mtoto wa Kurrabee anapajua. Akainua kipaza sauti.

"Namtaka Merv Tranter golini."

Uwanja ukalipuka. Wengine walizomea, wengine walikuwa wanapiga bodi za magari kwa viganja. Spud alikuwa ameacha lango lake, amepanda juu ya benchi. "Mpelekeni! Safari hii aone!"

Nikamshika baba mkono wa koti. "Baba, twende nyumbani. Wamekuita wakucheke."

"Niachie, Glenys."

"Baba, tafadhali."

"Nimesema niachie."

Akapita kwenye uwazi wa uzio. Nilimfuata, maana singeweza kumwacha avuke majani yale peke yake. Kopo la bia lilitua karibu na mguu wangu. Alifika golini, akageuka, akaweka mikono nyuma. Alikuwa na miaka sabini na tisa.

Darcy hakupiga. Aliubana mpira kwapani, akaanza kuja kwetu, polepole, kwa lile goti lake. Honi moja ikanyamaza, kisha nyingine. Alipofika alikuwa anahema. Akaweka kiganja kwenye nguzo ya kushoto, juu kadiri mkono ulivyofika.

"Ni juu zaidi ya hapa," akasema kwenye kipaza sauti. "Lakini ni nguzo hii. Mpira uliigusa. Merv alisema kweli."

Akaugeukia umati.

"Teke la msokoto ukilipiga vizuri, mpira hautikisiki. Mimi nilikuwa nyuma yake, nauona unavyozunguka. Ulipofika hapa ukayumba. Kidogo tu. Nyinyi mlikuwa pembeni, mmeshaanza kurukaruka. Mimi niliuona."

"Mwongo!" Alikuwa Spud. "Umezeeka, Darcy, unasahau! Tulikuwepo!"

"Nipo na akili zangu, Spud."

"Basi umelipwa na Yarrool!"

Wachache wakacheka, wengi wakaguna kwa hasira, na mara hii hasira ilikuwa inamwelekea yeye. Bibi mmoja karibu na uzio alikuwa analia waziwazi, akisema, "Usituharibie, Darcy. Usituharibie." Kerrin akaja mbio, akachukua kipaza sauti, akatangaza bahati nasibu ya kushinda nyama.

Tukabaki watatu chini ya nguzo. Darcy akanyoosha mkono. Baba hakuupokea.

"Ulijua lini?"

"Pale pale."

"Mke wangu tulimzika watu kumi na mmoja. Siku hiyo ulijua?"

"Nilijua, Merv."

"Na ukanyamaza."

"Walinibeba mabegani," Darcy akasema. "Kila nilipokwenda walininunulia kinywaji kwa ajili ya goli lililodhulumiwa. Lingekuwa goli kweli wangelisahau zamani. Nimeishi kwa teke lile. Mwaka huu daktari amenipa habari mbaya, nikaona siwezi kuondoka nalo."

Niliona ngumi ya baba inajikunja, nikadhani atampiga, na kwa kweli nilitaka ampige. Badala yake akautazama ule mpira.

"Wewe uliliona kwa nyuma," akasema. "Mimi lilikuwa linanijia usoni. Darcy, lile teke... Halikuwa na kelele kubwa. Lilikuja linavuma kwa chini, kama nyuki ndani ya chupa, na ncha ya mpira imetulia tuli. Sijaona kitu kizuri kama kile maisha yangu yote. Na sikupata mtu wa kumwambia. Nani angekaa na mimi azungumze mpira?"

Akageuka, akaanza kuondoka. Darcy alibaki ameshika nguzo.

Nyumbani baba aliingia karakanani, akajifungia mpaka jioni. Sikusikia randa wala nyundo.

Ubao wa klabu unaolisifu lile goli lililodhulumiwa haukubadilishwa. Spud bado husema mzee Darcy alichanganyikiwa, na wapo wanaomwamini. Lakini Jumatatu ile Kerrin alileta milango miwili ya ghala lake itengenezwe, na wiki iliyofuata yule bibi aliyelia alisimama dukani akamsalimu baba kwa jina. Baba alimjibu kwa kichwa tu.

Darcy alipiga simu mwezi mzima, kila Jumapili. Baba alikuwa akiniashiria niseme hayupo. Jumapili ya tano alichukua simu mwenyewe. Nilikuwa jikoni, nikasikia sauti yake, kali:

"Hapana, hapana. Unakosea. Kuulaza mpira ni jambo moja, kifundo cha mguu ni jingine. Wewe kifundo ulikuwa unakikaza. Sikiliza nikuambie, mimi ndiye niliyekuwa mbele."

Akavuta kiti, akakaa.