Msamaha wa Nini

Pampu ya maji ilipoibwa kwenye mashamba ya mpunga ya Mzee Ronald kule Mabogini, polisi waliwazoa vibarua wote wakawajaza kwenye gari. Kabla jua halijazama ndugu walishafika kituoni, wakanong'ona na afande pembeni, kila mmoja akaondoka na mtu wake. Akabaki Godlove. Mama yake, Yuditha, alikuwa na migomba na mbuzi mgonjwa; hakuwa na cha kunong'ona.

"Basi mwizi ndiye huyu," afande akasema.

Yuditha akawaambia kuwa siku ya wizi Godlove alilala nyumbani, huku mlimani. Wakacheka. "Mama gani atasema mwanawe mwizi?"

Ndipo akafanya kile ambacho hata bibi yake angefanya. Alikata jani la sale mpakani mwa kihamba, shamba lake la migomba, akalifunga fundo, akateremka nalo kwa Mzee Ronald. Mchagga akiletewa sale hakatai. Hata kama ameuliwa ndugu, anasamehe. Na Mzee Ronald alikuwa mtu wa huku huku, kanisa lao moja.

"Shikamoo, kaka. Nimekuja na sale. Yaishe."

"Marahaba, mama Godlove." Akalipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akaagiza chai. "Yameisha, dada yangu. Nenda ukapumzike."

Siku ya kesi, Mzee Ronald alilitoa jani lile kwenye bahasha ya kaki, akaliweka mbele ya hakimu, binti mgeni katika mkoa.

"Mama, unalitambua?" hakimu akauliza.

"Ndiyo. Ni sale yangu."

"Ulimpelekea ukiomba nini?"

"Msamaha."

"Msamaha wa nini?"

Kwa Kichagga, Yuditha angeeleza mpaka jioni: kwamba sale haiulizi nani kakosa, inazima moto tu. Kwa Kiswahili, mbele ya macho yale yote, alipata neno moja. "Yaishe."

"Mheshimiwa, asiye na kosa haombi msamaha," Mzee Ronald akasema kwa upole. Wachagga waliokaa kwenye mabenchi wakatazama viatu vyao.

Godlove akafungwa mwaka mmoja.

Msimu wa kupandikiza mpunga ulipofika, Yuditha aliteremka Mabogini kutafuta kibarua. Msimamizi, Salvina, akamzuia njiani. "Mwaka huu hatuchukui watu, mama. Gereza linatuletea wafungwa. Bei chee, na hawadai chai."

Walikuwa ndani ya maji hadi magotini, nguo zao za rangi ya chungwa zimelowa, askari kivulini na bunduki yake. Godlove alikuwa wa pembeni, amekonda.

"Mama Godlove!" Mzee Ronald akaita kwa furaha. "Mwanao sasa anachapa kazi! Zamani alikuwa mvivu huyu." Askari akacheka, akamruhusu mama asogee.

Yuditha akafungua kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, alichojifungia cha mchana. "Kula, baba."

Godlove hakunyoosha mkono. "Mama, hata wewe uliamini niliiba?"

"Hata siku moja!"

"Wenzangu wote walikana. Mimi nilikana. Afande mwenyewe hakuwa na ushahidi." Alisema taratibu, bila hasira. "Aliyekiri ni wewe."

Akainama, akachomeka mche kwenye tope, kisha mwingine, na mwingine, akirudi kinyumenyume kama wanavyopandikiza, akimwacha mama yake juu ya tuta na chakula mkononi.