Spana ya Kuanzia Arobaini

Walinipisha. Watu zaidi ya hamsini, karibu wote waendesha bodaboda, walikuwa wakimpiga mzee mmoja kando ya barabara pale Mkonze. Waliponiona wakaacha, wakanifungulia njia mpaka katikati. Brighton, kiongozi wa kijiwe chao, akanipa jiwe la kujaa kiganja.

"Elisha, huyu ndiye aliyemgonga Erick," alisema. "Wewe ndiye mwenye ndugu. Maliza."

Mzee alikuwa amepiga magoti. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa damu mpaka kiunoni, jicho moja limefumba kwa uvimbe, na bado alikuwa akipapasa chini kutafuta kiatu chake. Nyuma yake gari lake dogo lilikuwa linawaka. Hatua chache kutoka hapo mdogo wangu alikuwa amelazwa, amefunikwa kanga ya mpita njia. Kanga haikutosha. Miguu ilibaki nje.

Pikipiki ilikuwa imebanwa chini ya bampa, moto unaifuata. Niliitazama kwa sekunde chache tu. Chuma kinachobana breki ya mbele kilikuwa kimeng'oka, kimejikita kwenye spoku, na pale kilipofungwa boliti ilikuwa imekatika, imebaki kisiki kinachong'aa. Gurudumu lilikuwa limegoma ghafla, Erick akarushwa mbele ya gari la mzee wa watu. Nilijua hivyo kuliko mtu yeyote pale, kwa sababu boliti ile niliikaza mimi.

Niliikaza Jumamosi, siku mbili kabla. Asubuhi ya siku hiyo nilikwenda mjini kwenye duka la vifaa la Uwesu, Mrangi wa Kondoa asiyependa maneno mengi. Nilikuwa nimechoshwa na mafundi wanaochomeka bomba kwenye spana na kuning'inia nalo kama wanachota maji kisimani. Pikipiki ilikuwa yangu, Erick ndiye aliyeifanyia kazi, na nilitaka niwe naitengeneza mwenyewe nyumbani, kwa vipimo. Uwesu aliweka mezani spana mbili za kupimia mkazo. Unaiwekea namba, unakaza, ikifika inalia "ka!" na wewe unaacha. Moja ilikuwa fupi, nyepesi. Nyingine ilikuwa ndefu, nzito, ya kung'aa, na ukiishika unajiona fundi mkuu.

"Chukua hii ndogo," Uwesu alisema. "Boliti za breki ya pikipiki zinataka ishirini na tano hivi. Hiyo kubwa inaanzia arobaini, ni ya matairi ya gari."

"Hiyo ndogo kawauzie wanaotengeneza baiskeli za watoto," nikamtania.

Hakucheka. "Sikiliza, kaka. Kwenye boliti ndogo hiyo kubwa haitakuambia kitu. Itakata kabla haijalia."

Nikachukua kubwa. Bei hazikupishana, kwa hiyo sina hata kisingizio cha umaskini. Nilitaka kupita mtaani nimeibeba begani, majirani waone.

Mchana ule, uani, nilibadilisha pedi za breki. Erick alikuwa amekaa kwenye kigoda anakula karanga na kunicheka. Niliweka namba ya chini kabisa, nikavuta, nikasubiri mlio. Haukuja. Nikavuta tena, na boliti iliyokuwa ngumu ikawa laini ghafla, ikazunguka bila ubishi. Aliyewahi kushika spana anajua maana yake: chuma kimeshavutika, kinangoja siku yake. Nilipaswa kuifungua pale pale nikatafute nyingine.

"Imelia?" Erick aliuliza.

Alikuwa akinitazama kwa imani yote, kama alivyonitazama tangu utotoni. Sikutaka anione nimeshindwa na boliti.

"Imelia," nikasema.

Sasa watu hamsini walikuwa kimya wakinisubiri. Neno moja tu lingetosha, wangenisikia wote. Lakini niliogopa. Niliogopa jiwe lile lisije likageuziwa kwangu, na niliogopa zaidi mama atakavyosikia. Mzee akaniinulia lile jicho lake zima.

"Mwanangu," alisema, "hakugongwa hivyo wanavyosema. Pikipiki yenyewe iligo..."

Nikampiga mdomoni asimalize. Meno yalivunjika, niliyahisi mpaka begani. Nikampiga tena, juu ya sikio, akaenda chini kama gunia, na watu wakashangilia wakamvamia upya. Sikuacha. Nilimkanyaga nikilia kwa sauti, na kila mtu aliyeniona alidhani namlilia Erick. Moto ukaifikia pikipiki, ikaungua yote. Mzee yule aliokolewa na risasi za polisi zilizopigwa hewani.

Miezi minne baadaye alikuja nyumbani. Alikuja na mkewe kutoka Chamwino, wakivuta mbuzi, yeye akitembea kwa fimbo. Anaitwa Matonya, mwalimu mstaafu. Mama alimpa kiti, akakataa, akakaa chini kwenye vumbi mbele yake. Meno ya mbele hayakuwepo, na maneno yalimtoka kwa shida.

"Mama, siku ile siikumbuki hata kidogo. Kichwa changu kimefutika," alisema. "Lakini watu wote wanasema nilimgonga mtoto wako. Hawawezi kunisingizia wote. Nimekuja kuomba radhi."

Mama alilia kwa muda mrefu. Halafu akajifuta uso kwa kanga.

"Elisha, baba yenu hayupo," alisema. "Wewe ndiye mkubwa. Mjibu mzee."

Wote wakanigeukia.

"Tumekusamehe, mzee," nikasema.

Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akanishukuru mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikamwacha anishukuru.